Albamu Iliyorekodiwa Kati ya Magunia

Kila siku baada ya masomo, Kaswera aliweka madaftari yake kitandani, akala mihogo ya kuchemsha harakaharaka, kisha akakimbilia depo, ghala la baba yake pale Kalembe. Baba huyo, Papa Muhindo, alikuwa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, na katika depo yake akina mama wa vilimani walihifadhi maharagwe ya mbegu. Kaswera hakwenda kuyachunga. Alikwenda kuimba.

Binamu yake Guylain, kijana wa miaka ishirini mwenye gitaa la umeme na maneno mengi, ndiye aliyegundua kwamba magunia yaliyojaa maharagwe humeza mwangwi. "Studio ya Goma haishinde hii, dada," alisema. Walikuwa wakitengeneza albamu ya roki ya polepole, nyimbo nane, zote za mambo ambayo mtu huiambia nafsi yake tu. Kaswera, wa miaka kumi na mitatu, alitunga maneno.

Adui yao alikuwa mashine ya kusaga mihogo ya jirani, iliyonguruma mchana kutwa. Papa Muhindo, kabla ya kusafiri kwenda Hombo kuchukua bidhaa, alikuwa amewaonya wasifunge madirisha madogo ya juu, kwa kuwa maharagwe yanahitaji hewa. Wao wakayaziba kwa vipande vya godoro kuukuu ili kelele isiingie. Guylain alisema ni siku mbili tu. Zikawa kumi na nne, na mvua ikanyesha karibu kila siku.

Alhamisi, albamu ikiwa imekwisha, Kaswera aliingia kuchukua kalamu aliyoisahau. Akaegemea gunia. Lilikuwa na joto. Alitia mkono ndani, akakuta maharagwe yana unyevu na yananuka uvundo. Yalikuwa ya Mama Adelaïde, mmoja wa wale akina mama wa vilimani, na wenzake, na kupanda kulikuwa kumebakiza wiki mbili. Mbegu hizo zikioza, wangepanda nini? Hofu ilimshika. Aling'oa vile vipande vya godoro, akamkimbilia Guylain.

"Nyamaza kwanza," Guylain alimwambia. "Papa akijua leo, ataninyang'anya gitaa. Jumamosi watu wanakuja kusikiliza albamu. Tutasema kisha."

Kaswera akanyamaza. Tangu hapo kila aliyemwita kwa nyuma alimshtua. Mficha maradhi kilio humfichua. Hilo alilijua vizuri, lakini kujua na kuthubutu ni mambo mawili.

Jumamosi adhuhuri ukumbi wa parokia ulijaa. Guylain aliunganisha simu yake na spika. Wimbo wa kwanza uliwashangaza watu.

"Hii muziki, tunaichezaka namna gani?" mzee mmoja aliuliza, na ukumbi mzima ukacheka.

Lakini ulipofika wimbo wa tano, ambamo Kaswera anaimba kwamba huwachekea watu huku ndani anatetemeka, kicheko kilikwisha. Ulipomalizika, Mama Adelaïde alikuja akamshika mikono yote miwili.

"Mutoto yangu, hii wimbo imesema yenye iko mu roho yangu. Tangu bwana yangu alikufa, sijasikia muntu anasema ukweli vile."

Neno hilo lilimchoma Kaswera. Guylain alimkazia macho kutoka kwenye spika. Msichana aliogopa kuliko siku zote mbili zilizopita.

"Mama, sisemi ukweli," alisema. "Maharagi yenu iko naoza. Siye njo tulifunga madirisha. Najua tangu juzi."

Mama Adelaïde aliiachia mikono ya Kaswera. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Kaswera zaidi. Aliwageukia wenzake akawaambia waache muziki, watafute maturubai.

Walitoa magunia yote ishirini nje na kuyaanika juani. Guylain alibeba mengi kuliko wote. Kumi na matatu yalifaa kuokolewa. Saba yalikuwa yameoza kabisa, yakamwagwa.

Papa Muhindo aliporudi Jumatatu, Kaswera alimweleza yote kabla hajavua viatu.  Baba yake akamtuma Guylain aende Kibua kwa miguu kutafuta mbegu nyingine, na Kaswera akaambiwa asaidie kuchambua yaliyopona mpaka punje ya mwisho.

Siku ya tatu ya kuchambua, vidole vikimuuma, alimwambia Mama Adelaïde aliyeketi kando yake, "Mama, unisamehe. Niliogopa."

"Nimekusamehe. Kuogopa haiko zambi," Mama Adelaïde alijibu, akitupa punje mbovu. "Ila usikilize. Siku uligusa gunia, uliogopa. Jumamosi ulisema, na uliogopa vilevile. Woga ni ule ule, mutoto yangu. Ungesema siku ya kwanza, pengine nisingepoteza hata gunia moja."

 Kaswera aliinama, akaendelea kuchambua.