Mlio Katika Taya la Kevina

Kevina hakuumbiwa subira. Hata alipokuwa amesimama, mguu wake mmoja ulikuwa kama umekwisha kuondoka. Kila alasiri alitoka shule, akatupa mkoba kitandani, akabadili sare na kubeba beseni la soda zilizolazwa kwenye maji baridi. Kisha alishika njia kuelekea kwenye foleni ya malori pale Malaba, mpakani.

Foleni hiyo ilikuwa ndefu, na madereva waliosubiri kuvuka walikuwa na kiu na uchovu wa kukaa bure. Watoto wengi waliwauzia soda, lakini Kevina alikuwa na mtindo wake. Wenzake walipokuwa wakipapasa mifukoni kutafuta kifungua chupa, yeye aliiweka chupa kwenye magego, akalivuta taya upande, na pwa! Kizibo kikaruka.

"Huyu mtoto ako na meno ya mamba!" madereva walipiga makofi. Wengine walimwita kwa mbali, "Mamba! Leta soda huku!" Lenox, mvulana aliyeuza nyuma yake, alibaki na chupa zake zinapata joto juani.

Mama yake, aliyetoka Sikuda na kufungua kibanda cha soda hapo Malaba, alimfuma siku moja. "Meno ni ya kula, Kevina! Nisione tena hiyo." Kevina akaacha. Yaani, aliacha kufanya hivyo mbele ya mama.

Mlio ulianza kidogo kidogo. Alipokuwa akila posho, ule ugali wa mahindi, kitu kilisema "tk" mbele ya sikio la kulia. Mwanzoni aliufurahia, hata akamwita rafiki yake Sandra ausikilize. Baadaye mlio ulileta maumivu. Asubuhi taya liliamka gumu, na kupiga miayo kukawa adhabu.

Na ni wakati huohuo ambapo Mwalimu Olweny alimchagua kuongoza wimbo wa shule katika mashindano ya Tororo. Kevina alikuwa ameitamani nafasi hiyo tangu darasa la tatu. Wimbo wenyewe ulianza kwa mwito mrefu wa juu, ambao hauimbiki bila kufungua mdomo wote. Sandra ndiye aliyekuwa wa pili kwa sauti. Mtu angejua Kevina anaumwa, nafasi ingekwenda kwa Sandra.

Siku ya Jumatano, katikati ya mazoezi, Kevina alifungua mdomo ili atoe ule mwito. Mdomo ulifika nusu ukakwama kama droo iliyovimba kwa mvua. Alilisukuma taya kwa kiganja mpaka likasema "tk" na kuachia.

"Kuna nini?" Mwalimu Olweny aliuliza.

"Nimesahau maneno, Mwalimu."

Sandra alimtazama kwa mshangao, kwa maana wimbo ule Kevina aliuimba hata akichota maji.

Jioni hiyo mama alimpa hindi la kuchoma, akalikataa. "Kevina kukataa mahindi? Uko na nini?"

"Jino, Mama. Jino linauma."

Ulimtoka tu, kama uongo mwingi unavyotoka. Lakini mama aliuamini, tena akaupangia safari. "Basi kesho tunaenda Tororo, litolewe mapema. Jumamosi utaimba bila shida."

Kevina hakuwa ameyapigia hesabu hayo. Siku ya pili, kwenye benchi la kliniki ya meno, alihama kiti, akafunga na kufungua kamba za viatu, akaenda msalani ambako hakuwa na haja. Mzee mmoja alitoka ndani ameuma pamba, machozi yakimlengalenga. Kevina alitamani kukimbia.

Daktari Odeke alikuwa mtu mrefu, asiye na haraka. Aligonga meno yake moja baada ya jingine. "Ni hili?"

Kevina alichagua lolote. "Ndiyo, ni hilo."

Daktari alizunguka na meno mengine, kisha akarudi kuligonga lile lile bila kusema kitu. Kevina hakushtuka hata kidogo.

"Limepona mara hii?" daktari aliuliza.

"Daktari, wewe toa tu," mama akasihi. "Mtoto naimba Jumamosi."

"Mama, siwezi kung'oa jino zima." Daktari aliweka vidole mbele ya masikio ya Kevina. "Fungua mdomo polepole." Tk. "Mwanangu, ulianguka? Ulipigwa? Unatafuna nini kigumu? Nisipojua kilichokuumiza, nitakuwa nabahatisha tu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kevina ilikuwa imeishia kwenye kiti kile. Akisema, mama atajua hakumtii, na wimbo utakwenda. Asiposema, Jumamosi mdomo utakwama mbele ya watu. Alilia kabla ya kusema.

"Ninafungua soda kwa meno. Kila siku. Pale kwenye malori."

Mama aliukumbatia mkoba mapajani. "Nilikukataza," alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini nilikuwa naona soda yetu naisha upesi kuliko ya watu wengine. Sikuuliza. Nilifurahi tu."

Daktari alivuta kiti karibu. "Weka kidole hapa, Kevina, ufungue na kufunga. Unasikia panavyocheza? Hicho ndicho kiungo cha taya. Kati ya mifupa yake kuna kipande cha gegedu. Umeona ile sehemu nyeupe inayoteleza kwenye ncha ya mfupa wa kuku? Gegedu ni kama hiyo. Kazi yake ni kuzuia mifupa isisagane. Ukilivuta taya upande kila siku kwa nguvu, gegedu husogea kutoka mahali pake na huanza kuharibika. Ule mlio ni gegedu linaporuka kurudi. Likishindwa kurudi, mdomo unakwama."

"Litapona?"

"Gegedu halipitiwi na damu nyingi, kwa hiyo hupona polepole kuliko kidonda cha ngozi. Ila umewahi. Kula uji na viazi vya kuponda. Acha miwa, mahindi ya kuchoma na chingamu. Kanda hapo kwa kitambaa cha maji ya moto, na ukipiga miayo, shika kidevu."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi hii, hapana."

Ilimuuma kuliko taya. Hata hivyo, kesho yake alimfuata Mwalimu Olweny mwenyewe na kumweleza yote, pamoja na lile la kusahau maneno. Kisha akamvuta Sandra nyuma ya darasa na kumwonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Siku ya mashindano Sandra aliongoza, shule ikawa ya pili. Kevina alikaa na watazamaji akipiga makofi, na machozi yalimtoka bila aibu.

Wiki zilipita kwa uji na vitambaa vya moto. Kwa mtoto asiyetulia, ilikuwa dawa chungu. Aliporudi kliniki, alifungua mdomo wote, na maumivu hayakuwapo.

"Sasa nisikie huo wimbo," Daktari Odeke alisema.

Kevina alimtazama mama, akasimama, akautoa mwito mrefu wa juu mpaka wagonjwa wa benchini, mashavu yamevimba, wakachungulia mlangoni.

Daktari alicheka. "Unaona? Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Maumivu yakikuita, sema mapema, na useme kweli. Mimi nilitumia vidole tu. Ulimi wako ndio ulionionyesha ugonjwa."

"Na mimi nasema yangu," mama aliongeza, akimshika Kevina bega. "Mtoto akirudi nyumbani na beseni tupu, mzazi asifurahi kwanza. Aulize kwanza."