Lita Kumi za Kwenda Mugeta

Siku Hyasinta alipomwona Kasmiri kwa mara ya kwanza, Kasmiri alikuwa anasukuma gari. Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 1982, mbele ya kituo cha mafuta mjini Musoma, ambako foleni ilianza alfajiri na kufika saa nne ilikuwa imekata kona mbili. Malori, Landrova, pikipiki, watu wenye madebe, na mama mmoja aliyeshika chupa ya chai akitumaini naye atajaziwa. Katikati yao kilikuwa kigari cheupe, kidogo kama banda la kuku, na nyuma yake kijana mrefu wa suruali ya bugaluu na shati lililombana kifua, anasukuma huku anapiga mluzi. Niseme mapema kwamba hadithi hii haina mwisho mzuri, maana waliodanganywa ndani yake wanatosha.

Hyasinta alisogea na faili lake kifuani. Alivaa gauni la kitenge cha manjano na viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu asiokuwa nao.

"Kaka, gari lako limekufa?"

"Halijafa, dada. Limefunga Kwaresima." Kasmiri alijifuta jasho. "Nikiliwasha kila foleni ikisogea hatua tatu, nitafika kwenye pampu limeshamaliza hayo ninayokuja kutafuta."

"Hicho nacho kinakunywa? Kitabu chake kinasema lita moja kilomita kumi na tano."

Kasmiri akaacha kusukuma. "Kitabu chake umekionea wapi wewe?"

Hyasinta akafungua faili. Alikuwa karani mpya wa usafiri wa Mradi wa Visima, siku yake ya kwanza kazini, na alikuwa ametumwa kumletea dereva kibali cha petroli alichokisahau mezani.

"Kumbe wewe ndiye bosi wangu! Shikamoo, bosi."

"Acha utani wako. Sukuma gari."

Akasukuma. Walipofika kwenye pampu Hyasinta alikuwa amevua raizoni, anasukuma naye, miguu imejaa vumbi, na mbavu zinamuuma kwa kucheka.

Vigari vya mradi vilikuwa viwili, msaada kutoka ng'ambo, na vilitengenezwa kwa ajili ya kupeleka mtu mmoja ofisini kwenye lami iliyonyooka. Sina ugomvi na vitabu vya magari. Ila waliovipima vigari hivi walivipima huko kwao, dereva peke yake, barabara kama meza. Hakuna aliyevipima na mafundi watatu, mabomba ya visima juu ya paa, na barabara ya Butiama baada ya mvua. Lakini Bwana Silasi, mkuu wa mradi, alikisoma kitabu kile kama Injili.

"Dereva akizidisha, ni mwizi," alimwambia Hyasinta. "Na karani akimwamini, ni mwizi mwenzake. Aliyekutangulia nilimfukuza kwa hilo. Wewe nakupa miezi mitatu."

Safari ya kwanza Kasmiri alirudi mapema, akapima tangi kwa kijiti kabla hajaingia ofisini. Lita moja ilikuwa imekwenda kilomita kumi na mbili, hata nusu haikuongezeka. Kupitia dirishani akamwona Hyasinta ameinamia daftari, anauma kucha. Alijua binti huyu anatoka Mugeta, ana mama mjane, Wankyo jina lake, na mshahara wake ndio unaomnunulia mama huyo dawa. Kasmiri akageuza gari.

Kaka yake Alfonce alikuwa mvuvi huko Majita, na wavuvi wenye mashine za mitumbwi walikuwa na mgawo wao wa petroli. Kasmiri alichukua lita tatu kwa Alfonce, akamimina kwenye tangi, ndipo akaingia ofisini na kuandika: kilomita kumi na tano.

"Umeniokoa," Hyasinta alimwambia, macho yanang'aa. "Wenzako wote wananidanganyaga. Wewe tu ndiye dereva mkweli Mara nzima."

Angesema pale pale, ingekuwa kichekesho. Hakusema. Wiki iliyofuata akaenda tena kwa Alfonce, na nyingine tena, na kila alipoandika uongo ule Hyasinta alimpenda zaidi kwa ukweli wake. Mradi ulikuwa na utaratibu wa madereva kupiga simu kuripoti safari, na ripoti hizo zikaanza kurefuka.

"Haloo, Musoma? Hapa Butiama, dereva wako anaripoti. Kilomita arobaini na tano, lita tatu, gari zima, dereva mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini tena?"

"Moyo, kipenzi changu. Unagonga gonga."

"Moyo hauna fomu hapa ofisini."

"Itengeneze basi, nije niisaini."

"Wewe Kasmiri! Opareta anasikia."

"Endeleeni tu," ikaingia sauti ya opareta wa posta, "mimi nilishazoeaga."

Jioni Kasmiri alimsindikiza Hyasinta mpaka Buhare alikopanga chumba, akimletea sato aliyefungwa kwenye gazeti, au kipande cha sabuni, zawadi iliyokuwa inawafanya wasichana wa mwaka ule walie kwa furaha. Wankyo alimwona mara moja tu, akamshika mikono yote miwili, akamwita mwanangu. Ikakubaliwa kwamba wajomba zake Kasmiri wangekwenda Mugeta kuzungumzia ng'ombe baada ya mavuno ya pamba. Bwana Silasi naye, kwa kuvutiwa na daftari la Kasmiri, alimthibitisha Hyasinta kazini na kuandika amri: magari yote madogo, safari zote, lita moja kilomita kumi na tano, hakuna nyongeza.

Mwezi wa nne wa mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto. Mtu alikuwa anakamatwa kwa debe moja la mafuta chini ya kitanda. Kasmiri akaacha kulala vizuri, maana uongo wake wa mapenzi sasa ulikuwa na jina la kipolisi.

Jumapili moja asubuhi Hyasinta aliletewa habari kutoka Mugeta kwamba mama yake anatapika damu tangu usiku. Alikimbia na khanga begani mpaka nyumbani kwa Bwana Silasi. Akapewa gari la pili na dereva wake, Enoka, mzee mpole asiyeongea sana. Musoma hadi Mugeta, kisha Mugeta hadi hospitali ya Bunda, kilomita mia moja na hamsini. Lita kumi.

Kasmiri alikuwa Butiama na gari lake kwa siku mbili. Hyasinta akampigia kabla ya kuondoka.

"Kasmiri, mama anakufa."

"Nini? Tulia, mpenzi. Sema polepole."

Akamweleza. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayemuuliza daktari wake: "Nimepewa lita kumi. Wewe unavijua hivi vigari. Zinatosha?"

Kasmiri akapiga hesabu: lita kumi mara kumi na mbili, mia moja na ishirini.

"Omba nyongeza kidogo," alisema mwishowe. "Za tahadhari tu."

"Bwana Silasi amekataa. Anasema daftari lako mwenyewe linaonyesha zinatosha. Nikimwambia wewe umesema hazitoshi, ataongeza. Niambie basi. Zinatosha au hazitoshi?"

Neno moja tu lilihitajika. Opareta alikuwa kwenye laini, Bwana Silasi alikuwa amesimama karibu na Hyasinta, na Kasmiri aliiona selo ya polisi, akaona na uso wa Hyasinta siku atakapojua. Akauogopa zaidi ule uso.

"Zinatosha," alisema. "Mwambie Enoka azime injini kwenye miteremko."

"Asante, mpenzi. Ukisema wewe, naamini."

Akaweka simu. Kwa saa nzima Kasmiri alijidanganya: Enoka ni dereva mzuri, mama mwenyewe mwepesi, huenda wakafika. Saa ya pili akashindwa. Akaanza kuzunguka Butiama nzima akitafuta petroli, watu wote wako kanisani, mpaka akampata mwenye pikipiki aliyekubali kumnyonyea lita nne kwa mpira. Saa nane na nusu ndipo alipoondoka.

Saa nane kasoro robo kigari cha Enoka kilikuwa kimeshakohoa mara mbili na kusimama, Nyamuswa bado haijaonekana. Pembeni pamba pande zote mbili, na jua.

"Dada Hyasinta, yameisha."

"Nini kimeisha?"

"Mafuta."

"Hayawezi! Tumetembea mia moja na ishirini. Zimebaki lita mbili, Enoka. Kwa hesabu zimebaki mbili!"

Enoka alivunja kijiti, akakitumbukiza kwenye tangi, akakitoa kikavu. "Kijiti hakijui hesabu, dada."

"Umeyauza."

"Dada!"

"Umeyauza, mwizi wewe! Kwa nini Kasmiri huwaga anafika? Umeuza mafuta ya mama yangu!"

 Mzee yule alivua kofia, akaenda kusimama katikati ya barabara kusubiri gari lolote. Lakini miaka ile Jumapili ikishafika saa nane magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku kutembea, na barabara ikabaki nyeupe huku na huku. Enoka akaanza kukimbia kuelekea Nyamuswa, miguu ya umri wa miaka hamsini na tano.

Hyasinta aliingia nyuma, akakiweka kichwa cha mama yake mapajani.

"Tumefika Bunda?" Wankyo aliuliza.

"Karibu, mama."

"Mbona gari limenyamaza?"

"Tunapita kwenye lami. Lami haina kelele."

Wankyo alitabasamu. Hakuwahi kupita kwenye lami zaidi ya mara mbili maishani. Baada ya kitambo akauliza tena, kwa sauti ndogo, kama wamefika, na Hyasinta akamwambia ndiyo mama, tumefika, manesi wanakuja. Alikufa hapo, akiamini yuko hospitali.

Saa kumi lilionekana vumbi. Kigari cheupe, ndugu wa hiki kilichokufa, kilikuja kwa kasi, kikafunga breki. Kasmiri akaruka na dumu mkononi, Enoka akashuka upande wa pili, maana alikuwa ameokotwa njiani kabla hajafika Nyamuswa.

"Hyasinta! Nimekuja. Nimeleta mafuta, twende haraka."

Hyasinta alimtazama. Kisha akalitazama dumu. Alikuwa ameshamaliza kumfunga mama yake kidevu kwa kipande cha khanga.

"Nani alikwambia yameisha?" aliuliza.

Kasmiri akaweka dumu chini.

"Hakuna simu hapa. Enoka hajafika kwenye simu. Wewe umetoka Butiama na dumu mkononi." Alikuwa anazungumza polepole, kama anayesoma daftari. "Ulijuaje, Kasmiri?"

Kasmiri akapiga magoti vumbini, akasema yote. Kumi na mbili. Alfonce. Lita tatu tatu za kila wiki. "Nilifanya kwa ajili yako. Ungefukuzwa kazi. Nilikupenda, Hyasinta, nilikupenda mpaka nikawa mjinga."

"Nilikuuliza," alisema Hyasinta. "Asubuhi nilikuuliza."

Hakumpigia kelele. Alimwendea Enoka, akapiga magoti mbele yake, akamwomba radhi kwa lile neno mwizi. Mzee akamwinua. Halafu wakaimimina ile petroli kwenye tangi, wakageuza gari, wakamrudisha Wankyo Mugeta. Kasmiri alifuata nyuma mpaka na lake likaishiwa mafuta, akabaki barabarani.

Hakufungwa. Hyasinta hakumwambia mtu, na Enoka alikuwa mtu wa kunyamaza. Hyasinta alipoacha kazi wiki ile, Bwana Silasi alidhani ni msiba. Wajomba wa Kasmiri waliambiwa wasije, na hawakuambiwa kwa nini.

Miaka ikapita, na nchi ikafunguliwa. Mwaka 1987 sabuni zilirudi dukani, vitambaa vikamwagika, na kwenye vituo vya mafuta waliojaza magari waliombwa waje na kesho. Hyasinta alikuwa Bunda, anauza nguo za mitumba sokoni, amenenepa kidogo, bado mzuri. Asubuhi moja Kasmiri alisimama mbele ya meza yake. Suruali ya kawaida, mvi mbili tatu. Alisema anaishi Nyasura, anaendesha lori la pamba, hajaoa.

"Karibu," Hyasinta alisema, akamsogezea kigoda.

"Nimekuja kukuomba kile kile, Hyasinta. Unioe, nikuoe, sijui nisemeje. Miaka minne sijasema uongo hata wa utani. Niulize chochote."

Hyasinta alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilishakusamehe," alisema. "Siku ile ile, labda. Mimi mwenyewe nilimwambia mama amefika. Wote tuliompenda tulimdanganya."

"Basi?"

"Basi nikikuuliza kama unga upo, nitainuka kuangalia mwenyewe. Ukiniambia mtoto hana homa, nitamshika mwenyewe. Nikiwa kitandani naumwa, ukanishika mkono ukaniambia nitapona, nitamuuliza nani mwingine? Hiyo siyo ndoa, Kasmiri. Hiyo ni kazi ya ulinzi."

"Hunipendi tena."

"Nakupenda," alisema, na machozi yakamtoka bila kujificha mbele ya wateja. "Nenda, tafadhali. Nakupenda, nenda."

Alikwenda. Mwaka uliofuata Hyasinta aliolewa na Clementi, fundi saa pale pale Bunda, mtu mkavu asiyejua kubembeleza. Siku ya tatu ya ndoa Clementi alionja chakula, akaweka tonge chini, akasema mboga hii imeungua. Hyasinta alicheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka, akalia kwa kwikwi mpaka majirani wakasikia. Clementi alimwomba radhi, akidhani ni kwa sababu ya mboga.