Fundi Aliyepiga Pasi Mguu Wake

Kila asubuhi cherehani ya Fundi iliamka kabla ya majogoo. Trr, trr, trr. Majirani walisema hawahitaji saa. Wengine waliapa kwamba siku Fundi alipopumzika, jua lenyewe lilichelewa kutoka.

Fundi alishonea sebuleni kwake. Palikuwa na dirisha moja, meza ya kukatia, na cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Mkewe alikaa karibu na dirisha, akishona vifungo na kukunja pindo. Pasi ya mkaa iliwekwa mlangoni ili moshi utoke nje.

Wiki ile walikuwa na kazi kubwa. Watoto arobaini walikuwa wanaanza darasa la kwanza siku ya Jumatatu. Sare zao zote alipewa Fundi.

"Usiniangushe," mwalimu mkuu alimwambia. "Ukichelewa, mwakani nitatafuta fundi mwingine."

Jumanne mchana sare kumi na nane zilikuwa tayari. Fundi akatoka kuchukua kitambaa. Alirudi na jora zima begani, zito kama mzee aliyelala. Alipopanda ngazi ya mlangoni, kisigino chake kiliteleza kikashuka nje ya ngazi. Shavu la mguu wa kulia, ule mnofu wa nyuma chini ya goti, likavutika.

Fundi alipiga ukelele. Wanaosimulia husema kuku wa jirani alitaga yai palepale, tena bila kukusudia.

"Nimekwisha, mama watoto! Mguu umekatika!"

Mkewe akamtazama. "Uliokatika ni upi? Mbona naona yote miwili imerudi nyumbani?"

Fundi akakaa chini. Akalibonyeza shavu la mguu. Lilikuwa gumu, na lilimuuma. Akafikiri sana, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Hapa pamejikunja," akasema. "Lete pasi."

"Unataka kupiga nini?"

"Mguu."

"Baba watoto, umeangukia mguu au kichwa?"

"Miaka ishirini na sita nanyoosha mikunjo. Suruali, makoti, magauni. Huu nao ni mkunjo. Weka taulo lenye maji, upitishe pasi juu yake."

"Mimi simo," mkewe akasema. "Ukijichoma usiniite."

Basi Fundi akajipiga pasi mwenyewe. Mvuke ukapanda mpaka darini. Mwanzoni alisikia raha.

"Unaona? Mkunjo unaondoka!"

Baada ya nusu saa mguu ulikuwa umevimba. Ngozi ilikuwa inawaka. Fundi akajikongoja hadi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye kikanyagio. Akakanyaga mara moja. Jasho likamtoka. Akauondoa mguu.

Cherehani ikanyamaza. Nyumba ikawa kimya kama nyumba ya wageni wasiojuana. Fundi akalitazama lile jora. Sasa hakuwa na mzaha.

"Watoto ishirini na wawili," akasema polepole. "Wenzao watavaa sare. Wao watasimama pembeni."

Saa kumi jirani yao alikuja kuchukua gauni lake la kazi. Alikuwa muuguzi, na mtaa mzima ulimwita Nesi. Aliwachukulia wote wawili kama ndugu zake. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Dada, kuna nini? Nani kampika shemeji?"

"Kajipiga pasi," mke wa Fundi akajibu.

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauona mguu, akaacha kucheka.

"Una bahati ngozi haikutoka. Maumivu yalianzaje? Yalikuja yenyewe?"

"Niliteleza kwenye ngazi, pakavutika."

"Unaweza kusimama? Sogeza vidole. Vina ganzi? Una homa? Kifua kinabana?"

Vidole vilisogea. Ganzi haikuwepo, wala homa, wala kifua kubana. Fundi alisimama, akapiga hatua tatu akikunja uso.

"Nipe utepe wako wa kupimia," Nesi akasema.

"Unanishonea suruali?"

"Nyamaza, shemeji."

Akalipima shavu la mguu wa kulia kwenye unene wake. Inchi kumi na tatu na nusu. Akapima la kushoto mahali palepale. Inchi kumi na tatu kamili. Fundi akatoa macho. Utepe ule alikuwa ameuvaa shingoni maisha yake yote, na hakujua kama unaweza kuusemesha mguu.

"Nusu inchi," Nesi akasema. "Ni uvimbe mdogo, na sababu yake tunaijua. Msuli umevutika kidogo. Huu tutautunza hapahapa nyumbani."

"Kwa hiyo pasi..."

"Pasi peleka kwenye kola! Sikiliza. Ndani ya shavu la mguu mna nyuzi, nyembamba kuliko unywele. Ni maelfu kwa maelfu, na zimelala upande mmoja kama kitambaa kizuri. Zako chache zimechanika. Na sasa hivi, sisi tukiongea, zinashonwa."

Fundi akauinamia mguu wake kana kwamba atasikia cherehani. "Zinashonwa na nani?"

"Na mwili wako."

"Bila taa?"

"Bila taa."

"Na sindano?"

"Hakuna sindano. Mwili unataka nafasi tu. Wewe mtu akikupitishia moto mkononi ukiwa unashona, utafanyaje?"

"Ningemfukuza na mkasi."

"Ndiyo hivyo. Siku mbili tatu za mwanzo, moto hapana. Moto unaongeza damu na maji pale palipoumia, uvimbe unazidi. Kuchua kwa nguvu pia hapana."

Mke wa Fundi akanunua barafu dukani. Nesi akaivunja, akaifunga ndani ya kitambaa.

"Usiiweke kwenye ngozi bila kitambaa, itaunguza nayo. Na leo subirini kwanza ngozi ipoe joto la pasi ya huyu bwana. Kisha dakika kumi na tano, unaondoa. Baada ya saa mbili tatu unarudia. Mkikosa barafu, kitambaa kilichoroweshwa kwenye maji baridi kinasaidia."

Alimfunga bendeji inayovutika. Akaingiza kidole chini yake kuhakikisha haibani.

"Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, ilegeze. Ukilala, weka mguu juu ya mto, upite kifua. Maumivu yakizidi, meza parasetamo kama pakiti inavyosema, usizidishe."

"Na tutajuaje kama haya ni mambo ya hospitali?" mke wa Fundi akauliza.

Nesi akamgeukia. Hapo hakutania.

"Dada, asipoweza kabisa kuukanyagia mguu, nendeni. Mfupa ukikaa vibaya, nendeni. Mguu ukizidi kuvimba, ukiwa wa moto na kuuma, hasa kama hakuuumiza popote, nendeni siku hiyohiyo. Inaweza kuwa damu imeganda ndani. Akishindwa kupumua vizuri au kifua kikimuuma, hapo ni kukimbia. Mguu wa baridi uliopauka, homa, kidonda kibichi, vyote hivyo si vya kungoja. Mwenye kisukari au mjamzito asijitibu, aonwe mapema. Na hata kama hakuna lolote, wiki moja ikipita bila nafuu, mleteni."

"Na sare?" Fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Cherehani haina jinsia," Nesi akasema. Akachukua gauni lake, akaondoka.

Mume na mke wakatazamana.

"Sijawahi kushona sare nzima," mke akasema.

"Umeniangalia miaka ishirini na sita."

"Nilikuwa naangalia makosa yako."

Kesho yake cherehani iliamka tena. Mke alikanyaga. Fundi alilala chali, mguu juu ya jora na mto, akishona vifungo vilivyopangwa kifuani pake. Kila baada ya muda aliinua shingo.

"Punguza mwendo kwenye kona!"

"Wewe lala, fundi wa vifungo."

Jioni Fundi aliikagua sare ya kwanza ya mkewe. Akaigeuza nje, akaigeuza ndani. Mshono ulikuwa umenyooka kuliko wake.

"Basi ni nzuri," akasema mwishowe.

"Sikusikia."

"Nimesema ni nzuri!"

Alhamisi walipima mguu. Inchi kumi na tatu na robo. Jumamosi asubuhi, kumi na tatu kamili. Fundi alipima mara tatu, akampa mkewe apime mara ya nne. Hakuna aliyeingia ndani yake, hakuna aliyekata uzi, na mguu ulikuwa umerudi kwenye kipimo chake.

Nesi alipopita alimfundisha kujinyoosha. Fundi akaweka mikono ukutani, mguu wa kulia nyuma, kisigino chini, akaegemea mbele taratibu. Akahesabu mpaka ishirini.

"Pakivuta kidogo, sawa. Pakiuma, acha," Nesi akasema. "Na usikanyage cherehani kutwa bila kuinuka. Kila nusu saa simama, tembea. Badilisha mguu."

Jumamosi hiyo Fundi alishona kidogo kwa mguu wa kushoto. Mkewe alishona zaidi. Jumapili alasiri sare ya arobaini ilipigwa pasi, ikakunjwa.

Jumatatu Fundi alitembea polepole hadi getini pa shule, mkewe ubavuni. Watoto wa darasa la kwanza waliingia uwanjani na sare mpya. Mmoja aliruka kwa mguu mmoja. Wawili walifukuzana. Mwingine alianguka, akajipangusa goti, akainuka mbio. Miguu themanini, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeifikiria.

Fundi alishika nondo za geti. Kengele ikalia, watoto wakaingia darasani, naye akabaki palepale.

"Basi, kola zimekaa vizuri?" mkewe akauliza.

"Sijaziona," Fundi akasema. "Nilikuwa naangalia wanavyotembea."