Lita Themanini za Kinyozi

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa limefurika watu Jumamosi ile, na ndoo ya chumvi ya bahari ilikuwa imebaki moja tu. Fundi saa alipoishika, mkono mwingine mkubwa, unaonukia poda ya kunyolea, ukaishika upande wa pili.

"Dada, tugawane," akasema kinyozi mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa pasi. "Nipe kikombe, nichote nusu."

"Kikombe? Haigawanywi hivyo, kaka. Ikikaa, chembe nzito hushuka, nyepesi hubaki juu. Utaondoka na chumvi ya jina tu."

Pale pale, na gauni lake la kijani la kutokea, akailaza ndoo sakafuni, akaibingirisha huku na huko, wateja wakimpisha na kucheka. Hakujali. Kwa miaka sita alikuwa akifuga matumbawe sebuleni, ndani ya tangi la maji ya bahari aliyoyachanganya mwenyewe. Majirani walimwita Mpika Bahari, na jina hilo alilivaa kama kidani.

Kinyozi alikuwa hoi kwa kuvutiwa naye. "Fundi, nifundishe. Chumvi, na mengine kama yapo."

"Tuanze na chumvi."

Kila Jumapili kinyozi akawa mgeni wa nyumba ile, ambamo fundi aliishi na shangazi yake. Maji yaliyochujwa kwanza, alifundishwa, chumvi baadaye, kidogo kidogo, pampu ikizungusha. Kesho yake unapima chumvi, ndipo unafunika pipa. Katikati ya wiki fundi alimfundisha kwa simu, kinyozi akiwa kwenye tangi jipya la kinyozini kwake.

"Umepima?"

"Nimepima, malkia. Thelathini na mbili."

"Hayo ni machozi, si bahari. Bahari ni thelathini na tano. Ongeza."

Siku ya pili yake: "Thelathini na tano, roho yangu."

"Hapo nakupenda," fundi akasema, na neno likawa limekwisha toka.

Dada yake fundi alipojifungua mji mwingine, fundi alienda kumsaidia siku tano. Ufunguo alimwachia kinyozi ili alitunze tangi, pamoja na pipa la lita themanini za maji aliyoyachanganya mwenyewe. Siku ya tatu, kinyozi yule asiyeishiwa maneno alijibu simu kwa "ndiyo" na "hapana". Fundi akarudi na wasiwasi. Akaingia jikoni, alimowakuta shangazi na kinyozi, akafunua pipa. Alama ya kalamu aliyokuwa ameichora ukingoni ilikuwa imesuguliwa ikatoka.

"Maji yangu yako wapi?"

"Niliyamwaga," kinyozi akasema, akimtupia jicho shangazi, ambaye alikuwa ameinamia sufuria. "Yote. Nikachanganya mengine."

"Ulimwaga maji yangu ili ujifanye mwalimu? Weka ufunguo mezani."

"Fundi, nisikilize..."

"Mezani!"

Akauweka, akaondoka bila kubamiza mlango. Hilo ndilo lililouma zaidi.

Siku tatu simu haikulia. Fundi akawa anafungua saa za watu na kusahau alichokuwa anatafuta ndani. Siku ya nne shangazi akakisukuma chakula chake kando.

"Mwanangu, ni mimi. Nilipulizia dawa ya mende jikoni, mfuniko wa pipa ukiwa wazi. Yule kijana aliuona utando wa dawa juu ya maji. Nikalia, nikamwambia utanifukuza. Akasema, 'Shangazi, hili ni letu sisi wawili.' Akalisugua pipa, akapandisha madumu ya maji kwa ngazi ghorofa nne, safari nne. Akakesha na kipimo chake."

"Nikufukuze? Wewe uliyenilea?" Fundi akamkumbatia. Kisha akapima maji yale. Thelathini na tano kamili. Sebuleni matumbawe yalikuwa yamefunguka yote, kamba wadogo wakitembea juu yake kama wenye nyumba.

Akavaa gauni la kijani.

Kinyozini mlikuwa mmejaa. Kinyozi alimwona kwenye kioo, mashine ikasimama katikati ya kichwa cha mteja.

"Jamani," fundi akasema, kidevu juu. "Mtu huyu nilimkosea. Kwa miaka sita sikumwamini mtu na maji yangu. Yeye ameyachanganya, nami nimeshindwa kuyatofautisha na yangu. Nisamehe."

Kinyozi akamgeukia. "Shangazi amesema?"

"Yote. Na anauliza Jumapili utakuja na nani."

"Na mjomba wangu," akajibu haraka, "na baba, kama hiyo ndiyo maana yake."

"Ndiyo maana yake."

Kinyozini mkawa na vifijo. "Dada, hongera," mteja akalalamika, "lakini nimenyolewa nusu!"

Fundi akacheka, akaketi kwenye benchi kati ya wanaume waliokuwa wakisubiri zamu. Mzee mmoja aliyeingia punde, asiyejua lolote, akamtazama gauni na viatu vyake.

"Binti, nawe unangoja kunyolewa?"

"Hapana, mzee," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Namngoja mchumba wangu. Ni yule mwenye mashine."