Ngozi Iliyorambwa

Kama unakula, weka sahani kando kwanza. Mimi mwenyewe nasimulia haya nikiwa na njaa, kwa makusudi.

Lilianza jambo dogo, katika nyumba ya wafuga kondoo milimani, karibu na ziwa. Ithel, mtoto wa miezi minne, alikataa titi la mama yake. Bibi yake, Mama Lowri, akasema ni gesi. Siku zikapita, mtoto hanyonyi, na bado mashavu yanamnona. Alipocheua hakucheua maziwa. Alicheua ute wa kijani wenye harufu ya tope la ziwa, ukaning'inia kidevuni kama kamasi.

"Mama, nani anamlisha mwanangu?" Luned aliuliza huku akimfuta.

"Labda malaika," mama mkwe wake akajibu bila kuacha kufuma. "Emrys wangu naye alikuwa hivyo hivyo, na mtazame sasa alivyo pande la mtu."

Emrys, mume wa Luned, alikuwa mlangoni akivua viatu. Hakucheka.

Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameokota kondoo wake kando ya ziwa. Au tuseme aliokota ngozi, maana nyama haikuwamo wala mfupa. Ngozi ilikuwa imegeuzwa ndani nje kama soksi, nayo imerambwa ikang'aa. Mtu mwenye akili timamu angeichoma palepale. Lakini watu wa milima ile hawatupi sufu. Wanawake wao hupita wakiokota hata manyoya yaliyonaswa kwenye miiba. Emrys akaisuuza mtoni, akaipaka chumvi, akaitandika kwenye susu aliyolalia mwanawe. Ilikuwa laini ajabu. Haikukauka sawasawa, ila katika nchi ile ya mvua hata chumvi ya kikoponi haikauki.

Alasiri moja Luned alikuwa akisukasuka siagi katika chumba cha maziwa, chumba cha mawe kilichoshikana na jiko, ambako mfereji wa maji ya ziwa hupita sakafuni ili maziwa yasichache. Susu aliiweka kando yake. Akaenda jikoni mara moja kuchukua maji ya moto, na huko akasikia sauti, kama ya mtu anayefyonza uboho kwenye mfupa.

Akarudi kwa kunyata. Juu ya susu palikuwa na chura wa ukubwa wa kondoo jike, asiye na mguu hata mmoja, mbawa zake za popo zimekunjwa na kudondosha maji, mkia wake wenye mwiba ungali umelala ndani ya mfereji, na kinywa chake kipana kilikuwa kimefunika kinywa cha mtoto, koo likipanda na kushuka, likisukuma uji mzito wa kijani wenye nyuzi za sufu ndani yake, na Ithel alikuwa akiumeza kwa pupa, gu, gu, gu, kama alivyokuwa akimeza maziwa ya mama yake zamani, huku kiganja chake kidogo kikilipapasa lile shavu lenye utelezi kwa mapenzi.

Luned alitapika ndani ya siagi. Kisha akamrushia yule mnyama mti wa kusukia. Naye akamtazama bila hasira, akamramba mtoto kipaji cha uso, akateleza kurudi majini.

"Ni Mrukaji wa Maji," Emrys alinong'ona baadaye, aliposimuliwa. "Huyo wa ziwani wanayemsimulia wazee, anayekata nyuzi za wavuvi."

"Huyo anakula kondoo, Emrys. Mbona mtoto hakumla?"

Emrys aliitazama ile ngozi kwenye susu. Alikuwa mchungaji, akaelewa kabla ya wengine. "Mwana-kondoo yatima tunampatiaje mama?"

"Mnamvisha ngozi ya mwana-kondoo aliyekufa. Mama aliyefiwa anainusa, anadhani ni wake."

"Basi ile ngozi imejaa mate ya Mrukaji, kwake inanuka kama mwanawe," alisema Emrys. "Mimi ndiye niliyemvisha."

Kesho yake wakamwita Mzee Hopcyn, mganga wa ng'ambo ya mlima. Alimnusa mtoto, akatema mate motoni.

"Msiichome ile ngozi," alisema. "Mwizi hakomi kwa kunyang'anywa. Mpeni mtoto mwingine."

Wakamfunga ile ngozi mwana-kondoo yatima aliyekuwa akilelewa jikoni, Emrys akampeleka ziwani mchana kweupe. Maji yakatoa mapovu, mwana-kondoo akatoweka, basi. Emrys akarudi akaziba mfereji kwa mawe. Luned akamwogesha mwanawe mpaka mwili ukawa mwekundu, akampa titi.

Mtoto alipiga mayowe, akageuza uso kuelekea chumba cha maziwa. Hakunyonya siku hiyo wala iliyofuata. Mashavu yakaanza kubonyea, na Mama Lowri akaacha kusema ni gesi.

Mzee Hopcyn alirudi bila kuitwa. Akatoa mfukoni kipande cha ile ngozi, kiasi cha kiganja.

"Nilikikata kabla hamjamfunga mwana-kondoo," alimwambia Luned kwa sauti ya chini. "Jifunge kifuani, mwanangu."

"Mimi, mzee?"

"Ndiyo, wewe. Yatima hamjui mama kwa sura. Anamjua kwa harufu."

Luned akajifunga. Kilikuwa baridi, chenye utelezi, kama tumbo la samaki aliyeoza. Ithel alinusa, akatabasamu, akanyonya. Mama yake alilia kwa furaha na kwa kinyaa, na hadi leo hawezi kusema kipi kilizidi.

Sasa Ithel anatambaa. Bila kile kipande hagusi titi, kwa hiyo Luned hakivui. Analala nacho, anakwenda nacho kanisani ndani ya gauni lake jeusi, na majirani wa benchi lake husogea mbali naye wakiziba pua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hayo angeyavumilia. Lakini ngozi ikiwa mbali na maji hukauka, na kweli kila jioni hukikuta kipande kimekakamaa kama gome. Kila asubuhi akiamka, anakikuta kifuani kimelowa maji ya ziwa, laini, kimerambwa kikang'aa.