Kadi ya Chumba cha Sita

"Programu yangu haikosei, hata nikiiendesha nimefumba macho," Inga Marit aliliambia darasa Jumanne, akitafuna mkate wake wa jibini la kahawia. Darasa la saba la mji wa Vardø lilimjua: yule ambaye shoga yake ni kibodi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kabla ya kambi ya shule, kila mtoto alimwandikia Mwalimu Oddny kwa siri jina la mwenzake anayetaka wakae chumba kimoja. Mwalimu akawapanga wawili wawili kwenye orodha, programu ya Inga Marit ikaisoma na kuchapa kadi za milangoni. Inga Marit mwenyewe alikuwa ameandika jina la Solfrid.

Walipofika kambini, wote walikimbilia kadi zao. Chumba cha sita kiliandikwa: "Inga na Marit."

"Hongera," mwenzao Torbjørn alisema. "Umepata saizi yako. Omba tu asikorome."

Wakacheka. Inga Marit aliingia, akaketi kitandani akikitazama kitanda cha pili. Basi hakuna aliyemtaka, mpaka Mwalimu ameona heri amlaze na jina lake. Theluji ilikuwa imeziba nusu ya dirisha. Vyumba vya jirani watu waligombea kitanda cha juu. Yeye alikuwa na viwili, na hana wa kugombana naye.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu Oddny na kompyuta yake, nyuma yake Solfrid na begi.

"Huyu hana kadi popote. Imekuwaje?"

"Labda ulikosea kuandika, Mwalimu. Mimi orodha niliikagua mstari kwa mstari."

Mwalimu akaifungua orodha. Mstari wa sita ulisomeka: Inga Marit Solfrid.

Inga Marit masikio yakamwaka moto. Programu ilikata mstari kila ilipokuta nafasi, ikachukua vipande viwili vya mwanzo. Wenzake wote wana jina la neno moja. Lake ni mawili. Solfrid akadondoka.

"Tia mkato kati ya mtu na mtu, uiambie ikate hapo tu," Mwalimu alisema. "Na kila programu inapolitaja jina, lifunge kwa alama za kunukuu lisisambaratike."

Inga Marit akarekebisha. Kadi ikatoka sawa kwenye kioo cha kompyuta.

"Kukosea si aibu, mwanangu. Aibu ni kujisifia kazi usiyoijaribu, kisha lawama ukamtwisha mwingine."

"Lakini niliikagua, Mwalimu."

"Orodha hukuifungua," Solfrid alisema taratibu. "Nilikaa nyuma yako maktabani saa nzima, nasubiri nikwambie kwamba nimekuandika wewe. Ulikuwa unaongea na kompyuta."