Bi Nyamizi na Mkono wa Mwuguzi

"Usinisogelee."

"Mgonjwa, lala ubavu wa kushoto."

"Nimezaa watoto sita, leo nije kuvuliwa nguo na sufuria?"

"Bibi, muda unaenda. Saa sita wanakuja kukubeba."

"Waje. Na wewe unacheka nini, mume wangu?"

Kasanda alikuwa hacheki. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo mlangoni, na mlango ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Bibi yake, aliyezoea kumwita mjukuu wake "mume" kwa utani, alikuwa kitandani, kang'ang'ania chuma cha kitanda. Sufuria lenyewe ni Mwuguzi, mashine iliyoning'inia kwenye reli ya dari katika kila nyumba ya Mnara wa Asali, Tabora mpya. Lina jicho moja na mkono mmoja wenye vidole vya mpira. Linapima damu, linachoma sindano, na choo cha humu ndani kinalipelekea taarifa ya kila kinachoingia.

Shida ilikuwa hapo. Bi Nyamizi alivunjika nyonga ya kulia. Nyonga ikapona, lakini dawa za maumivu zikamfunga choo, siku ya tano sasa, na sindano ya Mwuguzi ya kulainisha tumbo hataki. Sheria ya Mnara ni kwamba mgonjwa akikataa tiba, nyumba haifunguki. Ikifika saa sita bado anakataa, anapelekwa Jengo la Uangalizi. Mzee Lugusha wa chumba cha pili alipelekwa kwa kikohozi tu. Kilichorudi ni kofia yake.

Kasanda naye alikuwa kama kuku wa bandani. Kibali chake cha kuishi Mnarani kilisema jambo moja: msaidizi wa mgonjwa asiyejiweza, hatoki ila kwenda sokoni. Kila siku aliutukana ule mlango.

Akachomoa kitu mfukoni, kidonge chenye umbo la risasi kwenye karatasi yake. Alinunua viwili jana, soko la chini. Bi Nyamizi akafungua mdomo. Mnarani kila dawa inamezwa au inachomwa, hawajui nyingine.

"Si cha kumeza, bibi. Hiki kinaingilia uani, kule nyuma."

"Na wewe unataka kunivua?"

"Utatia mwenyewe. Kwanza nijibu. Umetapika? Umeona damu? Tumbo linauma sana?"

"Zito tu, kama nimemeza jiwe."

Kidonge kilikuwa kimelainika kwa joto la mfukoni. Kasanda akakitumbukiza na karatasi yake kwenye kikombe cha maji baridi mpaka kikakaza. Bibi akanawa mikono kwa sabuni kwenye beseni kando ya kitanda. Kasanda akatupia kanga juu ya jicho la Mwuguzi, akageukia ukuta.

"Bandua karatasi yote. Kiloweshe ncha. Lala kushoto, goti la juu likunje. Sasa sukuma, ncha itangulie, taratibu. Usikaze."

"Kinarudi."

"Hakijapita misuli. Pumua, ongeza kidogo kwa kidole."

Chuma cha kitanda kikalia. "Kimeenda."

"Nawa, halafu tulia hapo hapo. Usikimbilie choo, kiache kiyeyuke."

"Nikimbie na nyonga hii? Una akili wewe?"

Walikaa. Mwuguzi lilihangaika na kanga kama mbuzi aliyenasa kwenye wavu. Kisha Bi Nyamizi akashuka kitandani, fimbo akaikataa, akashika ukuta mpaka chooni. Alikaa huko kitambo, akiguna na kumtaja Mungu. Aliporudi, uso ulikuwa wa mtu mwingine.

"Choo kimepokelewa," likasema Mwuguzi. "Nani ametia dawa? Akiwa msaidizi, mgonjwa amekataa tiba na hajiwezi, anahamia Jengo. Akiwa mgonjwa mwenyewe, anajiweza, na kibali cha msaidizi kinakwisha sasa."

Bi Nyamizi akamtazama mjukuu wake. Utani wote ulimtoka.

"Katia mwenyewe," akasema Kasanda.

Mlango ukafunguka. Upepo wa korido ukaingia, ule aliokuwa akiulilia.

"Na choo kikikaza tena?"

"Kunywa maji, kula mapapai. Kingine kiko kwenye dirisha la kivulini, usikizoee kila siku. Ukiona damu, kubali huyu sufuria akuitie daktari."

"Kasanda."

Bibi alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Kasanda akaokota viatu, akatoa kanga kwenye jicho la Mwuguzi, akamfunika bibi mabegani. Akageuka, akaondoka peku, viatu mkononi.